Nimetiwa stenti shingoni, lakini mshipa haujaacha kubadilika

Mhariri,

Makala yenu juu ya kiharusi niliyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea mabaya ya mwalimu mstaafu. Dalili mmezitaja vizuri, na mmefanya jambo jema kuwaambia watu wasianzie kwa mganga. Lakini mlipofika kwenye mishipa ya shingo mlipita mbio. Mshipa ukiziba, mmesema, daktari hutia kispringi, damu ikapita, mgonjwa akaenda zake. Hapo nilipiga mstari. Kispringi hicho, kijimrija cha wavu wa chuma kiitwacho stenti, ninacho mimi, upande wa kushoto wa shingo, mwaka wa pili huu, na sijaenda zangu popote.

Lawama si yenu peke yenu. Kwa miaka 31 nimefundisha sayansi katika shule za msingi hapa Lamu, na kila tulipofika kwenye mzunguko wa damu nilichora moyo ubaoni, kisha mistari ya chaki miwili miwili, myekundu na ya buluu, imenyooka kama mabomba yaletayo maji kutoka Shela. "Mishipa ya damu ni mabomba," nikiwaambia watoto, nao wakiandika. Baadhi yao leo ni wazazi, na bado wanaamini hivyo kwa sababu yangu. Kwa hiyo barua hii ni masahihisho yangu pia.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni, nachota uji wa vibibi, vile vimkate vyetu vya mchele, chuma kimeshashika moto. Upawa ukaniponyoka mkono wa kulia. Nikainama kuuokota, vidole vikawa kama vya mtu mwingine: vinagusa mpini, havishiki. Papo hapo pazia la kijivu likashuka kwenye jicho la kushoto, kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama mtu afungaye duka. Mjukuu wangu alikuwa uani. Nikataka kumwita, "Ndoo!", yaani njoo, neno ambalo mtoto wa Kiamu hulijua kabla hajaota meno, na kinywani mwangu hapakutoka ila sauti kama ya maji yanayochemka. Dakika kumi, labda zaidi kidogo, vyote vikarudi: mkono, jicho, neno. Vibibi viwili vilikuwa vimeungua.

Nikanyamaza siku mbili. Tulikuwa na wageni wa Maulidi nyumbani na sikutaka kutia watu wasiwasi. Nalisema hili kwa aibu, maana onyo kama lile likishakupata, kiharusi chenyewe hupenda kufuata katika siku hizo hizo chache za mwanzo. Ukipona katika dakika kumi ndiyo kwanza ukimbilie hospitali.

Jicho la kushoto, mkono wa kulia. Daktari aliposikia hayo mawili alijua pa kutazama kabla hajanigusa. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo iongozayo mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo yenye maneno. Jicho nalo hulishwa na mshipa wa upande wake lenyewe. Mshipa mmoja unaohudumia vyote hivyo ni ule upandao shingoni, ambao madaktari huuita karotidi. Tunayo miwili, kulia na kushoto. Kila mmoja ukifika karibu na kongomeo hugawanyika panda, tawi moja likaenda ubongoni, jingine usoni na kwenye ngozi ya kichwa. Pale penye panda damu haiendi sawa, huzunguka kidogo kama maji ya mkondo nyuma ya nguzo ya gati, na ndipo mafuta hupenda kujijenga ndani ya ukuta. Narudia, ndani ya ukuta. Hayakai juu yake kama utando wa chokaa ndani ya birika, vile nilivyodhani mimi. Ukuta wenyewe hunenepa, ukafanya kidonda, na vipande vidogo vya damu iliyoganda vikameguka kwenda juu. Kimoja kilipita kwenye jicho langu.

Zipo njia mbili za kuutengeneza. Moja ni kupasua shingo, kufungua mshipa na kuyatoa mafuta kwa mkono; ni ya tangu miaka ya 1950 na hadi leo ndiyo wengi hupewa. Ya pili ni stenti. Daktari wangu, Nairobi, alinieleza juu ya utafiti uitwao CREST, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 2,502 na kutolewa mwaka 2010. Waliotiwa stenti walipata kiharusi zaidi kidogo katika siku za mwanzo, waliopasuliwa wakapata mshtuko wa moyo zaidi. Kadiri umri unavyopita miaka 70, kisu ndicho kinachoelekea kuwa salama zaidi. Mimi sikuwa nimefika huko, na moyo wangu una kasoro yake. Tukachagua stenti.

Kazi yenyewe sitaisimulia sana. Nilikuwa macho. Waliingia na waya kwenye mshipa wa kinena, wakapanda nao hadi shingoni, wakafungua kichujio kidogo kama mwavuli juu ya palipoziba ili vipande visipande ubongoni, wakatanua kwa puto. Puto lilipojaa moyo wangu ulipunguza mwendo ghafla, nikaona taa za dari zinakuwa mbali, maana pale kwenye panda mwili umeweka vipimio vyake vya presha, navyo vikibanwa hudhani presha imepanda mno. Wakanidunga sindano, nikarudi. Jioni nilikunywa chai.

Sasa hapo ndipo makala yenu yalipokomea, na ndipo hadithi ya mshipa inapoanza.

Kwanza, mafuta hayakutolewa. Yamesukumwa pembeni tu, bado yamo ukutani, na wavu wa stenti umeyabana. Pili, chuma chenyewe hakijatulia. Stenti za shingoni nyingi ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yaliyogunduliwa katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Hulikumbuka umbo lake. Likikunjwa kwenye baridi likaingizwa ndani ya mrija mwembamba, likipata joto la mwili hutaka kurudi vile lilivyoumbwa. Na halirudi mara moja. Kwa wiki na miezi huendelea kusukuma nje taratibu, na mshipa unaendelea kupanuka nalo. Tatu, mshipa wa shingo una mapindo yake, na chuma hunyoosha. Ukinyoosha pindo mahali pamoja, linajitokeza mbele kidogo, kama unapovuta mkunjo wa shuka. Hata tawi la usoni, ambalo mlango wake umefunikwa na wavu, laweza kuwa jembamba kadiri miaka inavyokwenda, ijapokuwa mara nyingi mtu hata hatambui, kwa kuwa uso una njia nyingi za kupata damu.

Lakini jambo kubwa ni lile linalotokea ndani ya wavu. Wanawake wenzangu watanielewa upesi. Ulipotogwa masikio utotoni, hata kama hukumbuki, waliotoga wanakumbuka: tundu bichi, uzi umepitishwa, linatoa maji, linavimba, nyanya yako analipaka mafuta. Baada ya muda ngozi ikaota ndani ya tundu lenyewe, ikaikubali hereni, ikawa ndewe. Mshipa nao hufanya vivyo hivyo. Siku za kwanza damu inapita juu ya chuma kitupu, na damu haipendi chuma. Ikikiona hutaka kuganda. Wiki kwa wiki, utando mwembamba wa chembe hai hutambaa juu ya nyuzi za wavu hadi ukazifunika, na hapo damu husahau kwamba kuna kitu kigeni.

Ndiyo maana ya zile dawa mbili, aspirini na klopidogreli. Kazi yake ni kuzuia damu isigande juu ya chuma kabla hakijafunikwa. Kwa uchache ni wiki nne za dawa mbili pamoja. Mimi nilipewa miezi mitatu, kisha nikabaki na moja ambayo ni ya maisha. Wiki ya tano jino likaniuma, na mtu mmoja wa meno, ambaye simtaji, akaniambia niache dawa zote kwa wiki nzima kwanza ndipo aling'oe. Alikuwa na nia njema. Nilimpigia daktari wa Nairobi, akapandisha sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho: nisiache hata siku moja, jino lingoje. Likangoja. Mafuta ya karafuu niliyomaliza miezi ile yangemtosha mtu kufungua duka.

Turudi kwenye ndewe. Mnajua pia kwamba si masikio yote hupona sawa. Wako wasichana ambao nyama haijui pa kukoma, ikazidi, tundu likawa na kovu nene kama punje ya kunde. Ndani ya stenti hutokea kitu kinachofanana na hicho. Chembe za misuli za ukuta wa mshipa, zikiwa zimeumizwa na puto na zinasukumwa na chuma, huzaana na kuingia ndani ya wavu. Kidogo ni kupona. Kingi ni kuziba upya. Mara nyingi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili, na nyama hiyo ni laini, imeshikamana, haimeguki ovyo kama yale mafuta ya mwanzo. Ndiyo maana wengi wanaozibwa hivyo hawahisi chochote. Baadaye sana, miaka ikishapita, mafuta yenyewe yaweza kuanza kujijenga tena ndani ya utando ule mpya.

Ni wangapi hupatwa? Katika ule utafiti wa CREST, baada ya miaka miwili, mshipa ulikuwa umebana sana au kuziba kwa takriban watu 6 katika 100, na waliopasuliwa walikuwa karibu sawa na waliotiwa stenti. Baada ya miaka 10, waliobana tena au kuhitaji kutengenezwa upya walikuwa karibu 12 kati ya 100 kwa stenti na karibu 10 kwa kisu. Si wengi, alhamdulillahi. Ila waliotajwa kuwa katika hatari zaidi ni wanawake, wenye sukari, na wenye mafuta mengi katika damu. Mimi ni mwanamke, nina sukari tangu niko kazini, na karatasi yangu ya mafuta wakati ule ilikuwa imepigwa alama nyekundu kuliko daftari la mwanafunzi mvivu.

Kwa hiyo mshipa huu hupimwa kwa altrasaundi: ndani ya mwezi wa kwanza, kisha baada ya miezi sita hivi, kisha mwaka, kisha kila mwaka. Na hapa ndipo nina dukuduku langu, Mhariri, ambalo ndilo hasa limeniweka kwenye meza hii tangu sala ya alasiri.

Kipimo cha kwanza nilifanyiwa Nairobi wiki ya tatu, nikiwa bado kwa mwanangu South C. Nikapewa karatasi moja, nikaikunja, nikarudi Lamu. Hakuna aliyeniambia kwamba karatasi ile ndiyo mali. Nikaiweka ndani ya kasha la njumu, na hati ya nyumba na leso ninazoziweka za mazishi yangu.

Mwezi wa saba nikaona nisijisumbue kwenda Nairobi. Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, mpaka mji mmoja wa pwani ambako niliambiwa wanapima mishipa. Kijana aliyenipima alikuwa na adabu. "Shikamoo mama, geuza shingo kidogo." Akanipaka ile dawa baridi ya utelezi, nikasikia damu yangu kwenye spika, fyuu, fyuu, fyuu, sauti ambayo kila mwalimu wa sayansi angepaswa kuisikia mara moja maishani. Akasoma namba ya mwendo wa damu, ambao huongezeka njia inapobana: sentimita 181 kwa sekunde. Akatazama jedwali lililobandikwa ukutani. Kisha akakaa kimya, na mgonjwa anaujua ukimya wa namna ile. Akaandika kwamba mshipa umeziba zaidi ya nusu.

Nusu! Miezi saba baada ya safari ile yote. Nilirudi Lamu usiku, nikalala nimekaa, naogopa kugeuza shingo. Jamaa wakachanga. Mkaza mwanangu akatoa bangili zake mbili za dhahabu, za harusi, zikauzwa ndani ya siku tatu, na siku ya tano nilikuwa mbele ya daktari wangu Nairobi na ile karatasi mpya mkononi.

Akaisoma. Hakushtuka. Akaniuliza, "Mwalimu, na ile ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza ipi?"

Tukapiga simu Lamu. Mkaza mwanangu akafungua kasha huku simu iko kwenye spika, nikisikia bawaba zinalia, nikimwelekeza: chini ya leso, si hiyo, ile iliyokunjwa mara nne. Akaipiga picha, akaituma. Daktari akaikuza kwa vidole viwili, akanigeuzia simu nione. Wiki ya tatu: 168. Mwezi wa saba: 181. Akasema tofauti hiyo yaweza kutoka hata kwa mkono wa mpimaji tu.

Maelezo yake ni haya, na ningeyachora ubaoni kama ningekuwa bado na darasa. Mshipa mzima hutanuka kila moyo unapopiga na kurudi unapopumzika, kama koo la mtu anayemeza. Sehemu yenye stenti haitanuki tena vile, imekuwa ngumu, kwa hiyo damu ikipita pale huongeza mwendo hata kama njia iko wazi kabisa. Lile jedwali la ukutani lilitengenezwa kwa mishipa isiyo na stenti. Kwa mishipa hiyo, 125 ndipo panapohesabiwa nusu, na 230 ndipo panapohesabiwa asilimia 70. Ukilitumia kwa mtu kama mimi, utamwambia ameziba siku anayotoka hospitali. Katika ule utafiti wa CREST hawakuhesabu kubana sana mpaka mwendo ufike 300.

Mtu asije akadhani basi atulie tu hadi 300. Daktari alinitolea mfano: kama kutoka 168 ningefika 280, hata kabla ya kufika mpaka wenyewe, hiyo ni habari, mshipa unasema kitu. Namba moja peke yake haisemi chochote. Inasema ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, ya mshipa huo huo, ulipotoka kutengenezwa.

Bangili zilikuwa zimeshauzwa. Mkaza mwanangu hajaniambia neno hata leo, na ndiyo maana nasema mimi.

Simlaumu yule kijana. Angejuaje, na mimi mwenyewe sikuja na karatasi? Wala simshutumu aliyenipa karatasi bila kunieleza. Siku ile palikuwa na foleni hadi nje. Ninachouliza ni hiki. Hapa Lamu, mama asiyejua kusoma huitunza kadi ya kliniki ya mwanawe kuliko pesa. Kila chanjo imeandikwa, kila uzito umetiwa nukta, na mtoto akihamia Malindi au Mombasa kadi inakwenda naye, nesi wa huko anaendelea pale pale alipoachia wa huku. Mbona mtu mzima aliyetiwa chuma mshipani anatolewa na barua ya kurasa nne iliyojaa maneno ambayo hata mimi ilibidi niyatafute, na ile namba moja inayohitajika miaka yote ijayo haimo? Kadi ngumu ingetosha. Tarehe ya stenti, upande, mwendo wa damu wa kipimo cha kwanza, dawa gani na hadi lini, na nafasi tupu za kujaza kila mwaka. Aandikiwe na hilo la jino.

Jingine ni la serikali yetu ya kaunti. Altrasaundi si kitu kigeni kisiwani, wajawazito wanatazamwa nayo. Shingo inahitaji kile kichwa chake cha kupimia mishipa, na mtu aliyefunzwa kukitumia na anayejua kwamba jedwali la ukutani si la kila mtu. Sisi tunaovuka Mokowe si wagonjwa wa shingo peke yetu, wako wa figo, wako wa miguu ya sukari, na mishipa yao wote hupimwa kwa kichwa hicho hicho.

Nyinyi nanyi, mkirudia mada hii, ongezeni nafasi kidogo kwa yale yanayokuja baada ya stenti. Waandikieni watu kwamba tumbaku iachwe, presha na sukari zishikwe, dawa ya mafuta imezwe hata kama mwili hauumi, kwa kuwa mshipa wa kulia nao upo, haujatiwa kitu, na unakula chakula kile kile. Wangu wa kulia umebana kiasi. Nao hupimwa siku hiyo hiyo.

Kipimo changu cha mwaka ni mwezi ujao, inshallah. Ile karatasi ya kwanza nimeitia plastiki kwenye duka la fotokopi; nakala moja iko kwenye simu ya mkaza mwanangu, moja kwenye mkoba wangu pamoja na kitambulisho, na yenyewe imerudi kwenye kasha, juu ya leso safari hii. Mkitaka kuitumia kwa mfano, nitawapa, futeni jina tu. Na mkiweka mchoro wa mshipa, tafadhali mwambieni mchoraji wenu asichore bomba.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu